Yeye Namba Moja

Khole alibonyeza T, akabonyeza A, na mkono ukamganda juu ya kibodi.

Chini kwenye kioo cha kompyuta ya mumewe zilijipanga herufi za Kichina, kila moja na namba yake, kama watu waliopanga foleni ya mkate. Namba moja alikaa mwanamke.

Kosa halikuwa lake. Mwalimu Lin, kule darasani Ghubra, alishawaeleza. Kichina ni kama Kiswahili: yeye ni yeye, awe mume awe mke, mdomoni wote ni *ta*. Kwenye kuandika ndiko wanakotengana, wa kiume ana herufi yake na wa kike ana yake. Ukiandika matamshi, kompyuta inakuletea zote uchague, na mwanamume ndiye anayetangulia.

"Ila kompyuta ina umbea," alisema mwalimu akicheka. "Neno unalolichagua kila siku hulipandisha juu. Inakujua."

Basi kompyuta ya darasani ilimtanguliza mwanamume. Hii ya mumewe Marhoon, ya zamani yenye tumbo lake nyuma, hapa sebuleni Sib, ilimtanguliza mwanamke. Barua zake Marhoon alikuwa akizifuta zote. Umbea wa kompyuta hakuufuta.

Khole akatega sikio. Chumbani mumewe alikuwa akikoroma usingizi wa baada ya chakula cha mchana.

Yote haya aliyaanzisha jirani yake Fajr, mtu asiyepitwa na jambo.

"Mwenzangu, mume kasoma Uchina ujanani, Kichina anakimwaga kama maji, na kila akigeuka Guangzhou. We hujiulizi?"

"Anauza vigae, shoga. Ulitaka akavinunue Nizwa?"

"Vigae havimfanyi mwanamume wa kwetu ambebee mkewe pochi mbele za watu! Si nlimwona kwa macho yangu, siku ile ya hospitali?"

"Nlikuwa naumwa tumbo, Fajr."

"Wakakwambiaje?"

"Gesi tu. Kaingia Marhoon mwenyewe kwa daktari kunichukulia majibu."

"Haya! Na tangu siku hiyo hanyanyui sauti, anaosha vyombo, kila safari anakuletea mauyoga ya Kichina uchemshe unywe. Mume akilainika ghafla namna hiyo, kuna mtu kamlainisha. Utastukia mke mwenza kasimama mlangoni na sanduku lake."

Khole alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wazazi wake wamekufa, ndugu aliobaki nao kila mmoja na nyumba yake imejaa. Marhoon ndiye pekee aliyekuwa kwao. Akamuaga mumewe kwamba anakwenda kujifunza cherahani, na Fajr akawa anampeleka kwa gari darasa la Kichina Ghubra, njia nzima wakisengenya.

Mwanzoni alikuwa kichekesho cha darasa. Alitaka kuandika kwamba anakula chapati. Chapati ni *bing*. Akabonyeza, akachagua *bing* isiyo yake, na wenzake wakavunjika mbavu.

"Bi Khole, unakula maradhi!" Mwalimu Lin alimwonyesha kwa kidole: herufi imejikunyata chini ya banda, na ubavuni mwa banda matone mawili. "Ukiliona banda hili na matone yake, ujue ndani kuna mgonjwa."

Lakini leo hakuwepo wa kumcheka. Alimfuta yule mwanamke kwenye kioo. Akataka ajipoze roho kwa neno jepesi, *man*, maana yake polepole. Akaandika. Polepole haikutangulia. Ilitangulia *man* nyingine, yenye alama ya jicho ubavuni, hajapata kuiona.

Akachomoa kamusi ndogo aliyoificha ndani ya mkoba wa vitambaa. Kurasa zikamkataa. Alipoipata, akaisoma maana yake mara ya pili kwa kutoamini: kumficha mtu jambo asilijue.

"Subhanallah," alinong'ona. "Fajr, umeshinda."

Mwanamke. Kumficha. Sasa lilibaki neno moja la kumaliza kesi, *ai*, la kupenda. Kama hilo nalo Marhoon analiandika, basi hapana tena la kujidanganya. Aliwaza aizime kompyuta, arudi jikoni, aishi na shaka yake kama wanavyoishi wengine. Kidole kikakataa kuondoka.

Akabonyeza A. Kitanda kililia chumbani, akazuia pumzi. Kimya. Akabonyeza I, na macho akayafumba.

"Ya Rabbi, kupenda kusiwe namba moja. Nakuomba, kusiwe namba moja."

Akafumbua. Kupenda kulikuwa namba mbili.

"Alhamdulillahi!" ilimtoka kwa sauti, mkono kifuani, na machozi ya furaha yakamjaa. Akayapangusa kwa ncha ya mtandio ili aone vizuri ni neno gani, basi, lililotangulia.

Lilikuwa limejikunyata chini ya banda, na ubavuni mwa banda matone mawili.

"Khole, mama," sauti ya Marhoon ikaja kutoka chumbani, laini kama ilivyokuwa siku zote hizi, "ile chai yako ya uyoga ushakunywa?"