Asilimia Mia Bila Salha

Siku hizi kila nyumba hupewa mchezo mmoja wa video wa shujaa kwa mwaka, nao ukikamilika asilimia mia hujifuta. Mwanangu Salha alipokwenda bweni, nilijifanyia mazoezi kidogo, maana tulipocheza pamoja alizoea kunicheka: "Baba, shujaa gani anaanguka kama gunia la viazi!"

Mazoezi yakaninogea, mtu mzima mimi. Jana nilimwokoa paka wa mwisho, mji mzima ukanipigia makofi, kisha kioo cha mchezo kikawa cheupe.

Leo Salha karudi likizo, akakiona kioo cheupe kabla hajatua begi.

"Umetumia saa ngapi, baba?"

"Arobaini na mbili."

"Na tulizocheza pamoja?"

"Sita."

Nilingoja anicheke. Akaniuliza kwa adabu, kama mgeni, iwapo nimeshakula.