Msikilizaji Mmoja

Sikudhani alijifungia ndani ya kabati la nguo ili mablanketi yameze mwangwi. Redio ya mji ilipofuta kipindi chake cha salamu, aliondoka na bahasha ya kadi zilizokuwa hazijasomwa. Leo alikuwa hewani kwenye redio yake mwenyewe, ya mtandaoni, kwa simu aliyoiegemeza kwenye kopo la maziwa.

"Kadi hii ni ya Bwana Makame, fundi baiskeli. Anawasalimu mashemeji zake wote, popote walipo."

Kwenye kioo cha simu palisomeka: msikilizaji mmoja. Saa nzima, mmoja huyo huyo. Alimjua. Ni mumewe, yuko jikoni anachambua maharage. Akaweka wimbo, akafungua kabati.

"Baba Neema, zima tu. Usinionee huruma."

"Nizime nini? Simu yangu imeisha chaji tangu asubuhi. Mimi nakusikia huko huko kabatini, unavyopiga kelele."

Sikudhani akatazama kioo. Mmoja bado yupo.

Akashusha pumzi ndefu, akajifungia tena. Wimbo ulipokwisha, alichukua kadi tupu, isiyoandikwa jina la mtu, akaanza kumsomea huyo mmoja asiyemjua.