Doa la Chai

Bi Saumu alikuwa amebakiza siku mbili tu astaafu ukutubi, pale Hidaya, msaidizi wake maktabani, alipowasha programu mpya ya kutafuta vitabu. Alikuwa ameiandika upya kwa lugha ya kompyuta iliyotoka juzijuzi, nayo ilikwenda kasi ajabu.

Fundi cherehani mmoja akaingia. "Naomba kile cha kijani, chenye doa la chai."

Hidaya akaandika maneno yale yale. Kufumba na kufumbua kompyuta ikajibu: hakuna.

Bi Saumu alikwisha kukitoa rafuni.

Hidaya akacheka kwa haya, akaongeza kwenye programu sehemu mpya ya kuandika alama za kila kitabu, ikiwa bado tupu. "Mama, tuna siku mbili. Hivi vingine vikoje?"

Bi Saumu akavuta kiti, akachukua kitabu cha kwanza, akakinusa.

"Andika, mwanangu. Hiki kinanukia karafuu."