Uso wa Kumi na Mbili

"Lieven, huyo si mimi," diwani mkuu alinifokea kutoka chini ya jukwaa la ujenzi. "Huyo ni kaka yako!"

Chini ya roshani ya Jumba la Mji, sisi mafundi tulichonga nyuso za madiwani kumi na wawili. Uso wa mwisho ulikuwa wake. Siku tisa nilimchonga nikimtazama yeye, lakini mkono wangu ulitoa pua iliyopinda ya kaka yangu, na kovu lake la mdomoni.

Mwaka uliopita, diwani huyu alisimama kwenye roshani hiyo akasoma hukumu ya kaka yangu. Kaka alinyongwa uwanjani, mbele ya wafuma sufu wenzake.

"Futa sasa hivi, au utamfuata!"

"Labda jiwe limeukataa uso wako, mheshimiwa."

Mafundi walicheka, kisha wakainamia kazi zao.

Niliweka tindo kwenye pua ya ule uso wa jiwe. Asubuhi za baridi jiwe huwa kama barafu. Hili lilikuwa na joto, na vidole vyangu vikahisi pumzi.

Nikaitupa nyundo chini, miguuni pa diwani. "Panda umfute mwenyewe."

Aliiokota, akapanda ngazi kwa hasira hadi uso kwa uso na lile jiwe.

Akaishusha nyundo, akavua kofia kama mbele ya maiti.