Moja Moja

"Bi mkubwa, weka tano," Selestini alisema kwa mara ya nne. "Hiyo moja moja unailisha mashine bure."

Catherine alichukua sarafu moja ya mia mbili kutoka kwenye mikunjo ya kitenge mapajani mwake, akaitumbukiza, akangoja karata tano zitokee kwenye kioo. Zilipotokea, akazikagua moja baada ya nyingine kama mtu anayechambua maharage.

Banda lile la Kibirizi, hatua chache kutoka zinakofungwa boti, lilikuwa na mashine moja tu ya karata, na watu wanne walikuwa wakingoja zamu. Sharti lilikuwa limeandikwa ukutani kwa chaki: mwenye sarafu hanyanyuliwi kitini. Hilo halikuwa na mjadala, hata uwe mzito wa kucheza vipi. Na mama wa miaka sitini anayeuza samaki wa migebuka, ambaye hakuwahi kuonekana humo hata siku moja, nani angethubutu kumsukuma?

"Mama, hizo karata unazisoma au unazisuka?" mmoja alimtania.

Wenzake wakacheka. Mgeni mmoja wa jezi ya bluu, aliyesimama nyuma yake, wa kwanza kwenye zamu, hakucheka. Mkono wake ulikuwa mfukoni, na mguu ulikuwa ukigongagonga sakafu. Catherine aliusikia ule mguu wala hakugeuka. Maneno alikuwa ameyamaliza njiani.

Selestini, msimamizi wa banda na muuza sarafu, hakuwa mtu mbaya. Habari za Yunisi, mke wa mwanawe Catherine, alikuwa amezipata asubuhi kwa akina mama wa samaki. Yunisi alikuwa kijijini Mwamgongo, kwenye uchungu wa uzazi tangu jana alfajiri. Mtoto amelala vibaya, na mkunga amesema aletwe mjini upesi. Boti ya kumleta ilikuwepo kule. Petroli ndiyo haikuwepo. Madumu mawili yalitakiwa yapakiwe kwenye boti ya abiria inayoondoka Kibirizi saa nane, nayo ikishafika hulala huko huko. Nyingine ni kesho, na mkunga amesema kesho ni mbali.

Selestini akamwinamia Catherine sikioni.

"Madumu mawili, na nauli yake, ni laki moja na nusu. Ukipata zile karata tano kubwa za rangi moja kwa sarafu moja, mashine inatoa elfu hamsini. Hata dumu moja hununui. Kwa sarafu tano inatoa laki nane. Laki nane, bi mkubwa! Hiyo hesabu haitaki shule."

"Moja inanitosha, baba."

"Inakutosha kufanya nini?"

Catherine aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Saa nane kasoro dakika ishirini na tano. Mapajani zilibaki sarafu kumi na moja. Elfu sita nzima, mtaji wake wa migebuka ya kesho, ilikuwa imegeuka sarafu, na kila moja iliyozama ilimuuma. Lakini alipopata jozi ya wafalme na mashine ikamrudishia sarafu moja, aliibusu. Watu wakacheka tena. Furaha yote hiyo, kwa shilingi mia mbili!

Mara zikamjia nne kubwa za kopa kwa mpigo. Watu wakasogelea kioo. Catherine akabadilisha ile ya tano, taratibu, taratibu mno, ikatoka karata mbovu ya pau isiyo na maana. Wote wakaguna kwa uchungu. Yeye akashusha pumzi, akatazama saa.

Uvumilivu wa Selestini uliishia hapo. Aliona nafasi ya laki nane imepita mbele ya macho ya mama wa watu, na mama mwenyewe anaendelea na zake, moja, nyingine, moja. Zilipobaki tano hakuweza tena kujizuia. Akazikomba zote mapajani mwa Catherine, akaanza kuzitumbukiza.

"Nakusaidia, bi mkubwa. Mungu yupo."

"Acha! Mawe we, mama yangu, acha!"

Sarafu tano zilikwisha kuingia. Catherine alichomeka vidole kwenye tundu la mashine kana kwamba angeweza kuzivuta nje. Karata zikatokea, takataka tupu. Selestini akabadilisha tatu kwa haraka, zikaja takataka nyingine. Kioo kikazima taa zake.

Saa nane kasoro dakika kumi.

"Umeniua, baba," Catherine alisema. Sauti ilikuwa haina hata hasira. "Hizo zilikuwa za kunifikisha kwenye honi ya boti inayoita abiria."

Selestini alimtazama, hakuelewa.

"Kiti!" watu wakapaza sauti.

Catherine akakishika kiti kwa mikono miwili. "Nikopeshe moja. Moja tu. Nitakuletea samaki kesho."

"Hatukopeshi, bi mkubwa." Selestini aliangalia chini, aibu imemjaa. "Sharti ni sharti."

Catherine akasimama. Machozi yakamtoka mbele za watu, naye hakuyafuta. Yule wa jezi ya bluu akampita ubavuni bila kumtazama usoni, akakaa, akazitoa noti zote mfukoni na kumkabidhi Selestini ambadilishie sarafu.

"Usilie, mama," alisema, macho yakiwa kwenye kioo. "Raundi mbili tu, halafu naenda kumnunulia mke wangu petroli."