Harufu ya Madoa

Fimbo ilikatikia mgongoni mwa Wegesa. Mumewe, Heche, akaanza kutafuta nyingine.

"Nani kamfungulia Madoa?"

"Kakata kamba mwenyewe, Baba Rose."

"Mwongo mkubwa! Jeshi akisikia harufu ya Madoa tu, miguu inamwisha nguvu. Leo akikimbia pambano mbele ya kijiji kizima cha Kemambo, nikirudi hapa nakuzika."

Heche hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Mkono wa kushoto wa Wegesa ulikuwa bado kwenye bandeji, tangu mumewe alipouvunja kwa sababu ya ugali uliopoa.

Madume matatu ya ng'ombe ya Heche yalikuwa vituko. Jeshi alimtwanga Kipara kila alipomnusa. Kipara alimtwanga Madoa. Madoa naye, wallahi, alimtimua Jeshi! Mkubwa wao hajulikani. Kilabuni Heche aliwachekesha wenzake kwa habari hiyo.

"Hata kwangu ni hivyo hivyo. Mimi nampiga mke, mke anampiga mbwa."

"Na mbwa?"

"Mbwa atanifanya nini mimi?"

Asubuhi ile hakumwamini mtu. Alimswaga Madoa mwenyewe hadi ng'ambo ya mto, akamfunga kamba mbili mtini, kisha akanawa kwa sabuni mpaka viwiko. Kipara hakumshughulisha. Huyo alibaki nyuma ya jiko, alikofungwa tangu jana.

Aliporudi, Wegesa alikuwa amemtolea koti lake la siku kubwa. Heche akalivaa huku akipenga kamasi. Mafua yalikuwa yamembana tangu juzi.

"Mbona lina unyevu?"

"Nimelipangusa, Baba Rose. Watu watakutazama leo."

Akatabasamu. Kumbe kipigo kinafundisha, bwana! Akaingia zizini mikono mitupu, kama kawaida yake, kumtoa Jeshi.

Jeshi aliinua pua. Akaparura udongo kwa kwato.

"Tulia. Ni mimi."

Pembe ya kwanza ilimwingia pajani. Ya pili ilimpata chini ya mbavu, ikamwinua, ikambamiza kwenye nguzo hadi mfupa ukalia. Heche akaanguka kwenye samadi, damu ikimtoka mdomoni. Jeshi akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa tena.

"Madoa!" Heche alipiga kelele. "Mwanamke, umemleta Madoa!"

Wegesa alikuwa nje ya zizi, akisukuma komeo kwa mkono wake mzima.

"Madoa yuko ng'ambo ya mto, Baba Rose, ulikomfunga. Koti nimelipangusa kwa mkojo wa Kipara."