Kiboko Mkuu wa Idara ya Wahitaji

Wanyama wa bonde walikuwa na Idara ya Wahitaji, na mkuu wake alikuwa Kiboko, ambaye hakuwahi kukosa mlo hata siku moja. Ukame ulipobana, Mama Swala alijikokota hadi ofisini kuomba nyasi za msaada.

"Umekuja kwa miguu yako?" Kiboko akauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi una nguvu. Nyasi ni za wasiojiweza."

Kesho yake Mama Swala hakuweza hata kusimama, akamtuma jirani yake Nungunungu. Kiboko akafoka, "Mhitaji aje mwenyewe! Hapa hatuhudumii kwa kutumana."

Mama Swala akafa. Kiboko akaenda mazikoni, akahutubia kwa uchungu, akala akashiba.

Jua halikulegeza. Bwawa la Kiboko likakauka, naye akanasa kwenye tope mpaka kifuani. Akamtuma mpambe wake Yangeyange kwa Nungunungu, fundi wa kuchimba.

"Mkuu amenasa! Njoo umchimbue!"

"Amekutuma?"

"Ndiyo."

"Mwambie mhitaji aje mwenyewe."

"Na akija?"

Nungunungu akajibu huku akirudi shimoni mwake, "Akija kwa miguu yake, basi ana nguvu."